Mabakuli ya Tongoni

Kusini ya mji wa Tanga, mwendo wa kilomita kama 17, yapo magofu ya Tongoni: msikiti na makaburi kama 40, mengi ya karne ya 14 na 15. Mabakuli ya kaure kutoka China, fahari ya majumba ya zama zile, yalijengewa hata makaburini. Leo mengi hayapo. Yamebaki matundu ukutani.

Bahari iliyo mbele yake ina kisa kingine. Januari 1499 Vasco da Gama alitia nanga huko akirudi kutoka Bara Hindi. Mabaharia wake wengi walikwisha kufa kwa maradhi, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Akahamisha shehena, akaichoma moto São Rafael, akaenda na mbili. Alihesabu mikono kabla ya vyombo.

Je, sisi majumbani mwetu? Mama hushinda akifuta vumbi sahani za kabatini ambazo hata siku ya Idi hazishuki, na jirani hana cha kumpakulia mgeni. Surat At-Takaathur yataja kushindania wingi pamoja na makaburi. Tongoni twayaona yote mawili.

Sisi tusichome, tutoe. Fungua kasha moja leo baada ya Alasiri. Kinachotumika kibaki, cha amana kirudi kwa mwenyewe, kilichozidi apewe mwenye haja. Sahani uliyoitoa ungali hai ni sadaka yako. Uliyoiacha ni ya warithi, na huenda wakaigombania.