Cleopa Msuya: Kabla ya Uwaziri Mkuu, alianza na maendeleo ya jamii

Ukimtaja Cleopa David Msuya, wengi wanamkumbuka kama mtu aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania mara mbili. Kazi yake ya kwanza haitajwi sana, lakini ndiyo inayowagusa zaidi vijana wanaohitimu vyuo vya maendeleo ya jamii leo.

Alikotoka

Alizaliwa Januari 4, 1931, Chomvu, Usangi, kwenye Milima ya Upare. Siku hizi Usangi iko Wilaya ya Mwanga, jirani na Same. Zamani zote mbili zilikuwa wilaya moja ya Pare. Alisoma Chuo cha Makerere, Uganda, kuanzia 1952 hadi 1955.

Alikoanzia

Mwaka 1956 aliingia kazini kwenye maendeleo ya jamii na vijijini. Kwa mtoto wa Upare kazi hiyo haikuwa ngeni. Kule kuna msaragambo, yaani wanakijiji wanatoka pamoja kuchimba mfereji, kutengeneza barabara au kusafisha ndiva, bwawa la asili la maji ya kumwagilia. Afisa maendeleo naye anafanya hivyohivyo: anakaa na watu, anajua shida zao, anawasaidia kujipanga.

Alivyopanda

- 1961–1964: Kamishna wa Maendeleo ya Jamii
- 1964–1972: Katibu Mkuu katika wizara mbalimbali, ikiwemo Hazina
- 1972–1975: Waziri wa Fedha
- 1975–1980: Waziri wa Viwanda
- 1980–1983: Waziri Mkuu
- 1983–1989: Wizara ya Fedha tena
- 1994–1995: Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais

Haikuwa njia ya mteremko. Alishika Uwaziri Mkuu nchi ikiwa imetoka vitani na Uganda, maduka hayana sukari wala sabuni. Bajeti yake ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na rafu za maduka zikaanza kujaa.

Alikuwa Mbunge wa Mwanga hadi 2000. Alifariki Mei 7, 2025, akiwa na miaka 94, akazikwa kwao Usangi. Miezi miwili kabla, mradi mkubwa wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe ulizinduliwa, baada ya wananchi kuusubiri miaka mingi.

Kwa mhitimu wa leo

Wapo wanaoona uafisa maendeleo ya jamii ni kazi ndogo ya kata. Kumbe ndiyo ofisi inayopokea vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kikundi kikiandaliwa vizuri, mkopo unazaa na unarudi. Kikiandaliwa vibaya, wanachama wanabaki na deni.

Msuya alianzia hapo, na Hazina aliikuta baadaye.