Baridi Safarini: Habari za Friji Ndani ya Motokaa

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: joto, mvuke, baridi. Leo tutajifunza jinsi watu walivyofanikiwa kusafiri na baridi katika nchi zenye kiangazi kikali.

Kwanza ufikiri habari ya mtungi wa nyumbani. Ukiwekwa penye upepo, maji yake hupoa, ingawa hakuna aliyetia barafu. Maji kidogo hupenya udongo, hutokea nje, kisha hugeuka mvuke. Na mvuke huo unapoondoka, huondoka na joto. Shika jambo hili, maana ndilo msingi wa somo zima: baridi haitiwi, bali joto ndilo linaloondolewa.

Wachimba dhahabu wa Coolgardie, Australia ya Magharibi, walitumia elimu hiyo hiyo katika miaka ya 1890. Walitengeneza kabati, wakaning'iniza magunia pande zake, na ncha za juu za magunia wakazizamisha katika beseni la maji. Gunia likanyonya maji, upepo ukapita, nyama na siagi vikakaa bila kuharibika upesi. Nchi ile si ya mchezo. Huko Marble Bar, tangu tarehe 31 Oktoba 1923 mpaka tarehe 7 Aprili 1924, siku 160 zilifuatana, na kila siku joto lilifika digrii 37.8 au kupita.

Lakini kabati la magunia hukaa mahali pamoja. Je, mzigo ulio njiani? Marekani, malori yalibeba nyama na kuku pamoja na mabonge ya barafu. Lori likiharibika njiani wakati wa jua kali, barafu ikayeyuka, basi mwenye mali alipokea uvundo.

Mwaka 1938, katika mji wa Minneapolis, kazi ya kutafuta dawa ya tabu hiyo ilimwangukia fundi mmoja, Frederick McKinley Jones. Alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Cincinnati mwaka 1893. Aliacha shule angali mtoto, akajifunza ufundi katika gereji na kwa kusoma vitabu mwenyewe usiku. Alipokuwa akiishi Hallock, mji mdogo wa Minnesota, aliunda mtambo wa kurushia matangazo ya redio ya pale. (Sisi watu wa redio tunampenda zaidi kwa hilo.) Baadaye aliajiriwa na Joseph Numero, aliyeuza vyombo vya sauti za sinema.

Usidhani kwamba Jones ndiye aliyebuni friji. Friji za nyumbani zilikuwapo tayari. Ndani ya friji mna kitu chepesi kugeuka mvuke. Kikigeuka, huchukua joto la chakula, kama mvuke wa mtungi. Kisha kompresa, yaani pampu, huusindilia mvuke huo na kuupeleka katika mabomba ya nje, na hapo joto hutupwa. Nenda kwenye duka lenye friji, usogeze mkono nyuma yake: utalihisi.

Shida ilikuwa barabara. Lori hutikisika, na mtikisiko hupasua mabomba. Jones aliunda mashine nyepesi, imara, yenye kustahimili mitikisiko. Mwanzo aliifunga chini ya lori, lakini matope na vumbi viliiziba. Basi ikahamishwa juu, mbele ya bodi, mahali penye upepo safi. Katika Vita Kuu ya Pili mashine zake zilitunza chakula, dawa na damu za askari. Hati ya ubunifu wake ilitolewa tarehe 12 Julai 1949. Alifariki mwaka 1961, na nishani ya taifa ya ufundi alipewa mwaka 1991, miaka thelathini baada ya kuzikwa. Walichelewa mno.

Sasa tazama friji ndogo ambazo wasafiri huziweka nyuma ya motokaa. Kanuni ni ile ile ya Jones, na kosa la watu ni lile lile la kuifungia mashine mahali pabaya. Motokaa iliyofungwa juani hupata joto kupita hewa ya nje, mara nyingi kwa digrii 20 na zaidi. Friji itatupa wapi joto lake? Kompresa hufanya kazi bila kupumzika, betri hukauka, na jioni gari haliwaki. Kwa hiyo egesha kivulini, fungua madirisha, usirundike mizigo kando ya matundu yake, na vitu uvipoze nyumbani kabla ya kuvipakia.

Tena ziko aina zisizo na kompresa. Moja hutumia jambo aliloligundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: umeme ukipita katika maungio ya metali mbili, upande mmoja hupoa. Ni rahisi kwa bei, lakini kwa kawaida hushusha joto kama digrii 20 tu chini ya hewa inayoizunguka. Hewa ikiwa 45, ndani ni 25. Soda itanyweka, maziwa hayatafika jioni. Na mgonjwa wa sukari ajihadhari zaidi, maana insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Aina nyingine, ya moto wa gesi, ilibuniwa na wanafunzi wawili wa Sweden, von Platen na Munters, mwaka 1922. Hiyo hutaka kusimama sawasawa, na usiiwashe kamwe ndani ya gari lililofungwa: hewa yake yaweza kuua.

Kazi ya nyumbani: jaza maji chupa mbili. Moja ivike kitambaa kibichi, nyingine iache tupu. Ziweke kivulini penye upepo kwa saa mbili, kisha uzishike. Andika sentensi tatu juu ya ulichohisi, uje nazo darasani.