Manete, toka fimbo mpaka dole gumba

Kile ambacho vijana wetu wanagombania wakicheza mpira kwenye televisheni, tunakiita manete. Historia yake inawapita umri wengi wao.

Mashine ya Atari, iliyotoka Marekani mwaka 1977, ilikuwa na fimbo moja na kitufe kimoja. Ulishika kwa mkono mzima. Kisha huko Japani, Gunpei Yokoi wa Nintendo alihitaji kitu bapa kwa mchezo mdogo wa kushika mkononi, Donkey Kong wa mwaka 1982. Akaweka msalaba mdogo wa plastiki. Dole gumba linausikia bila macho kuuangalia. Mwaka 1983 msalaba huo ukaingia kwenye manete ya Famicom, na kazi ya mkono mzima ikawa ya dole gumba.

Sony walikuja mwaka 1994 na alama za Teiyu Goto: pembetatu, duara, mraba na X. Kwa Wajapani duara ni ndiyo, X ni hapana. Wazungu wakageuza, nasi tumerithi ya Wazungu. Mwaka 1996 Nintendo 64 ikaleta kijiti kinachopima: sukuma kidogo mtu anatembea, sukuma sana anakimbia. Mwaka 1997 DualShock ya Sony ikawa na vijiti viwili na mtetemo, na kwa kweli umbo halijabadilika sana tangu hapo.

(PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, mwaka ule bei ya koltani ilipopanda sana. Wengi waliilaumu, ingawa simu na kompyuta nazo zilikula koltani yetu.)

Muda huo wote mafundi walihesabu mikono miwili mizima. Kwetu vita vimeacha vijana wenye mmoja, au bila vidole. Mwaka 2018 Microsoft walitoa manete yenye vitufe viwili vipana na matundu mengi ya kuchomeka swichi za mguu au kiwiko. Bei ilikuwa karibu dola 100, na swichi zinauzwa kando. Familia inayolala chini ya turubai itazitoa wapi?

Lakini fungua manete ya kawaida: kitufe kinaunganisha tu ncha mbili za umeme. Fundi wa simu anayejua kulehemu anaweza kuvuta waya mbili kutoka hapo, akazifunga kwenye swichi kubwa ya kukanyaga.