Tabibu Aliyeonja Wazimu

Katika elimu ya maradhi ya akili palikuwa na kizuizi kikubwa. Mgonjwa aliijua hali yake lakini hakuweza kuieleza sawasawa. Tabibu aliweza kueleza, lakini hakuijua. Mfaransa Jacques-Joseph Moreau, aliyezaliwa mwaka wa 1804, alidhani kwamba bangi ingekiondoa kizuizi hicho.

Mwishoni mwa miaka ya 1830 alisafiri Mashariki, na huko Misri akaona watu wakila hashishi. Aliporejea Paris, ambako alikuwa tabibu wa hospitali ya Bicêtre, aliila yeye mwenyewe. Ilipikwa kwa mafuta, sukari na viungo, ikawa kitu kizito cha kijani mfano wa halua.

Jioni moja alipita katika ujia wa Opera. Alikuwa hajapiga ila hatua chache alipodhani amekwisha kaa humo saa mbili au tatu. Kila alipohimiza mwendo, mwisho wa njia ulizidi kujitenga. Walakini akili yake haikuzimika. Ilidanganyika, na papo hapo ikajitazama ikidanganyika. Huo ndio ushahidi aliokuwa akiutafuta.

Kitabu chake cha mwaka wa 1845 kilitaja mambo manane: miongoni mwake furaha isiyo na sababu, mawazo kutawanyika, kupotea kwa kipimo cha wakati na mahali, sikio kuwa kali, na kuona visivyokuwapo. Kutokana na hayo alikata shauri kuwa ndoto na wazimu ni vya asili moja. Hapo alivuka mpaka. Mla hashishi amechagua safari yake, tena anajua itakwisha. Mgonjwa wa Bicêtre hakuchagua, wala hakuahidiwa asubuhi.

Waandishi nao, Théophile Gautier akiwa mmoja wao, walikutana katika jumba la Pimodan kuila. Masimulizi yao ni matamu, na pengine kwa sababu hiyo husomwa kuliko ya tabibu. Lakini mtu aliyekwenda kutafuta maajabu si shahidi mwepesi kuaminiwa.

Mwaka wa 1964 Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, huko Israeli, walikitenga kiini cha bangi kinacholevya na kubainisha umbo lake. Mwaka wa 1988 wataalamu wa Marekani walithibitisha kuwa ubongo una mahali maalumu pa kukipokea. Tangu hapo kipimo cha dawa kimejulikana vema kuliko alivyoweza Moreau na kijiko chake. Hata hivyo mtafiti wa leo bado humwuliza aliyelewa akisie muda uliopita, na mara nyingi huyo hutaja dakika nyingi kuliko zilizopita.