Uvimbe wa Mafuta wa Shingo na Koo: Historia ya Kuutambua

Uvimbe wa mafuta uliopo mgongoni haumsumbui tabibu. Kidole chamtosha: ni laini, hauumi, na ukingo wake huteleza ukibonyezwa. Shingoni mambo ni mengine, kwani hapo pana rovu, matezi, vifuko vya maji na saratani, na kidole huweza kudanganyika.

Mwaka 1846 Benjamin Brodie, mpasuaji wa London, alieleza habari za mtu aliyefura mafuta shingoni. Habari ya mtu mmoja haitoshi kuujulisha ugonjwa. Mwaka 1888 Otto Madelung, Mjerumani, alikusanya habari za wagonjwa 33, na mwaka 1898 Wafaransa Launois na Bensaude wakaongeza hesabu hadi 65. Ndipo sura yake ilipodhihirika: wengi ni wanaume waliozoea pombe, shingo imevimba pande zote mbili, na mafuta yenyewe hayana ngozi ya kuyazingira bali hupenya katikati ya misuli na mishipa ya damu. Jambo hili la mwisho ndilo zito. Mpasuaji aliyedhani atautoa uvimbe mzima, kama kokwa katika tunda, alijikuta hana mpaka wa kuufuata.

Wa kooni ni adimu zaidi, na hatari yake ni nyingine, maana huziba njia ya pumzi na ya chakula. Tangu 1854, Manuel García, mwalimu wa kuimba, alipolitazama zoloto lake mwenyewe kwa kioo kidogo, matabibu walipata jicho la kuchungulia humo. Lakini kioo huonyesha umbo tu. Utando wa juu ni mzima, na kipande kikikatwa hapo hakisemi lolote juu ya kilichojificha chini yake. Hata eksirei, iliyovumbuliwa 1895, ilitoa vivuli vilivyolaliana. Kwa hiyo mara nyingi kisu kilitangulia na jina la ugonjwa likafuata.

Utaratibu huo uligeuzwa na mashine ya Godfrey Hounsfield, iliyompima mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971. Ilianza na kichwa, kisha ikafika mwili mzima. Mashine hiyo hukipa kila kitu namba: maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri, na mafuta ni kama 100 chini ya sifuri. Hivyo mafuta hujulikana kabla ya kisu. Walakini saratani ya mafuta iliyo pole huweza kupata namba iyo hiyo. Palipo na shaka, hukumu hubaki kwa hadubini.