Maonyesho ya Vitabu Yaliyoanzia Sebuleni

Aprili 1, 1982, ukumbi wa manispaa ya Islington, kaskazini mwa London, ulipangwa meza za vitabu ambavyo maduka mengi ya jiji hilo hayakuwa navyo. Aliyeyafungua maonyesho hayo alikuwa C.L.R. James, mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa na umri wa miaka 81, mwandishi wa The Black Jacobins, historia ya watumwa wa Haiti waliopindua mabwana zao. Jina la shughuli yenyewe lilikuwa refu: Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu vya Kimapinduzi vya Watu Weusi na vya Ulimwengu wa Tatu.

Kwa shughuli ya aina ile, mzee James alikuwa mgeni rasmi hasa. Alipohamia Uingereza mwaka 1932, kitabu chake cha kwanza, kuhusu mwanasiasa wa Trinidad Kapteni Cipriani, kilichapwa mwaka huohuo katika mji mdogo wa Nelson, huko Lancashire. Gharama zilibebwa kwa msaada wa Learie Constantine, mchezaji kriketi mashuhuri aliyekuwa mwenyeji wake hapo Nelson. Hakukuwa na kampuni kubwa nyuma yake, wala mhariri aliyemtafuta. Rafiki alitoa fedha, kitabu kikatoka.

Nyuma ya maonyesho ya Islington kulikuwa na makundi matatu madogo: wachapishaji New Beacon Books na Bogle-L'Ouverture, na kundi la jarida la Race Today. Ukiyafuatilia mawili ya kwanza hadi chanzo chake, ofisi huzioni mapema. Unakuta nyumba za watu.

New Beacon ilianzishwa mwaka 1966 na John La Rose, mshairi na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi kutoka Arima, Trinidad, pamoja na mwenzi wake Sarah White. Kitabu cha kwanza kutoka hapo kiliitwa Foundations. Kilikuwa mkusanyo wa mashairi, na mshairi alikuwa La Rose mwenyewe. Wapo wanaobeza mwandishi anayejichapishia, kana kwamba kukataliwa na wengine ndiyo sababu pekee ya mtu kufanya hivyo. La Rose alikuwa na sababu tofauti. Alikulia katika koloni, na alijua kwamba huko maarifa yalitoka nje: vitabu vya shule, mitihani, hata historia ya kisiwa chenyewe. Kwake, kumiliki uchapishaji kulikuwa sehemu ya kujitawala.

Ndiyo maana New Beacon haikuishia kwenye mashairi ya La Rose mwenyewe. Mwaka 1969 ilirudisha sokoni vitabu viwili vya J.J. Thomas, mwalimu Mweusi wa Trinidad wa karne ya 19: sarufi ya Krioli aliyoitoa mwaka 1869, na Froudacity ya mwaka 1889, majibu yake makali kwa mwanahistoria Mwingereza James Anthony Froude, aliyeandika kwamba watu Weusi wa Karibea hawafai kujitawala. Miaka 80 baadaye majibu hayo yalikuwa yamesahaulika.

Bogle-L'Ouverture ina kisa kinachotugusa zaidi sisi wa huku. Oktoba 1968 serikali ya Jamaika ilimzuia mhadhiri kijana kutoka Guyana, Walter Rodney, asirudi nchini humo alikokuwa akifundisha. Alikuwa ametoka Kanada kwenye kongamano la waandishi Weusi, na kosa lake lilikuwa kuondoka chuoni kwenda kukaa na Marastafari na watu wa mitaa ya kimaskini kuzungumza nao historia ya Afrika. Wanafunzi waliandamana, na Kingston ikachafuka.

Huko London, mume na mke kutoka Guyana, Eric na Jessica Huntley, walikusanyika na marafiki zao wakaona kelele peke yake haitoshi. Wakachukua mihadhara ya Rodney, wakachangishana, wakauza kadi na mabango, na mwaka 1969 wakatoa The Groundings with My Brothers. Jina la kampuni walilitunga kutokana na mashujaa wawili: Paul Bogle wa maasi ya Morant Bay, Jamaika, mwaka 1865, na Toussaint L'Ouverture wa Haiti. Makao makuu yalikuwa sebule yao, magharibi mwa London. Watu walikuja kununua, wakakaa, wakabishana, na sebule ikawa duka. Duka la kweli, lenye mlango unaotazama barabara, lilipatikana katikati ya miaka ya 1970 huko West Ealing.

Rodney naye alikuwa amerudi Dar es Salaam, alikowahi kufundisha kabla ya Jamaika. Pale chuo kikuu, Mlimani, kati ya mihadhara na mabishano ya wanafunzi waliotoka pande zote za Afrika Mashariki, aliandika How Europe Underdeveloped Africa. Kitabu kilitoka mwaka 1972 kwa ubia wa pande mbili: Bogle-L'Ouverture upande wa London, na Tanzania Publishing House upande wa Dar es Salaam. Maneno ya mwisho kitabuni yaliandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu wa Zanzibar, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere.

Tanzania Publishing House ilikuwa imeanzishwa mwaka 1966 ikiwa na mkono wa kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Mwaka 1972 uongozi ulishikwa na Walter Bgoya, aliyetoka Wizara ya Mambo ya Nje. Licha ya mkono huo wa mwanzo, kitabu kilichokuja kusomwa na vizazi vitatu, katika vyuo vya mabara yote, hakikutolewa kwanza na mchapishaji mkubwa wa Ulaya. Kilipitia shirika la umma la nchi changa na kampuni ya watu waliokuwa wakihifadhi nakala nyumbani. Kila ninaposikia mtu akisema kitabu kisicho na jina la kampuni kubwa mgongoni hakifiki mbali, hiki ndicho ninachomtajia.

Kufika mbali, hata hivyo, kulikuwa na gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maduka ya vitabu ya Weusi na ya watu wa mrengo wa kushoto nchini Uingereza yalianza kushambuliwa na wabaguzi wa rangi. Vioo vilivunjwa na kuta zikaandikwa matusi. Duka la akina Huntley lilikuwa miongoni mwa yaliyoshambuliwa, na wenye maduka wakaunda umoja wa kujilinda na kuishinikiza serikali. Baada ya Rodney kuuawa kwa bomu mjini Georgetown, Juni 13, 1980, duka hilo la West Ealing lilipewa jina lake.

Januari 1981 moto uliwaua vijana Weusi 13 katika sherehe ya siku ya kuzaliwa huko New Cross, kusini mwa London. Familia nyingi ziliamini nyumba ilichomwa makusudi, na ukimya wa viongozi wa nchi uliwauma kuliko maneno. Machi 2 maelfu ya watu waliandamana kutoka New Cross hadi katikati ya jiji, siku ya kazi, mchana kweupe. Mwenyekiti wa kamati iliyoandaa maandamano alikuwa John La Rose, na Darcus Howe wa Race Today alikuwa mstari wa mbele. Ni watu walewale waliotandaza vitabu Islington mwaka mmoja baadaye. Maonyesho yao hayakubuniwa na watu wa masoko.

Tukaribie meza basi. Mchapishaji mdogo mwenye vitabu vinane au kumi hana wakala wa mauzo wa kuzunguka nchi nzima. Msambazaji anamkata sehemu kubwa ya bei, na mwenye duka anaagiza nakala mbili kwa masharti ya kurudisha zisipouzwa. Kwenye maonyesho yale mchapishaji alisimama nyuma ya vitabu vyake mwenyewe. Mkutubi wa mtaa, mwalimu aliyetafuta vitabu ambamo wanafunzi wake wangejiona, na mama aliyekuja na watoto, wote walipita mbele yake. Aliuza, akapokea fedha mkononi, akasikia papo hapo msomaji analalamikia nini. Wachapishaji kutoka Karibea, Afrika, Asia na Amerika walikutana ana kwa ana, na mtu wa kisiwa kimoja alijua aliyeko bara jingine anachapa nini.

Pembeni ya meza kulikuwa na tamasha: mijadala, muziki, filamu, na usiku wa ushairi ulioleta pamoja washairi wa mabara tofauti. Linton Kwesi Johnson wa Race Today alikuwa ndani ya shughuli hiyo tangu mwanzo. Mashairi yake mwenyewe yalikuwa yamepitia njia hiyohiyo, kwani diwani ya kwanza ilitolewa na Race Today mwaka 1974, na ya pili, Dread Beat and Blood, na Bogle-L'Ouverture mwaka 1975.

Mwaka huohuo wa 1982 mwandishi Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o alifika London kuzindua tafsiri ya Kiingereza ya riwaya aliyoiandika kwa Kigĩkũyũ akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti. Akaonywa asirudi Kenya, akabaki. Julai, kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiliwe iliundwa huko London, na La Rose akawa mwenyekiti wake. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, mshairi wa Sauti ya Dhiki, aliyekuwa akifanya kazi BBC, alikuwa mmoja wa wanakamati. Ngũgĩ akawa mtu wa karibu wa maonyesho yale. Nadhani hakuna mahali pengine London ambapo mwandishi aliyeamua kuachana na Kiingereza angepokewa bila kuulizwa atasomwa na nani.

Kati ya 1982 na 1995 yalifanyika maonyesho 12. Kutoka London yalisambaa hadi Manchester, Bradford, Leeds na Glasgow. Kazi kubwa ilifanywa na watu wa kujitolea, waliobeba maboksi baada ya saa za ajira zao. Mzigo wa namna hiyo huchosha, na mwishowe ulichosha. Mambo nayo yalikuwa yamebadilika: kampuni kubwa zilikuwa zimegundua kwamba mwandishi Mweusi anauzika, na Race Today ilikuwa imekwisha. Duka la Walter Rodney lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baada ya 1995 meza hazikupangwa tena.

La Rose alifariki Februari 2006. Mwaka mmoja kabla, Sarah White, Roxy Harris na wenzao walitoa kitabu kinene kinachokusanya hotuba, ratiba na kumbukumbu za maonyesho yote, kikiitwa A Meeting of the Continents. Nyaraka zimehifadhiwa katika Taasisi ya George Padmore, juu ya duka la New Beacon katika barabara ya Stroud Green. Karatasi za akina Huntley ziko katika hifadhi ya nyaraka ya jiji la London. Walitunza hata risiti na vipeperushi.

Huku kwetu maonyesho ya vitabu si haba. Ya Nairobi yalianza mwaka 1998 na kwa miaka mingi makao yake yamekuwa Sarit Centre. Lakini ukiingia, vitabu vya kiada ndivyo vinavyotawala, kwa sababu shule ndiyo soko, na kampuni zenye vitabu hivyo ndizo zinazomudu mabanda. Mwandishi aliyekopa SACCO akachapa nakala zake mia tatu unamkuta nje, vitabu vikiwa begani, akiwasimamisha wapita njia, au anaviuza WhatsApp. Nawaomba waandaaji wa maonyesho ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wamtengee safu moja ya meza mwandishi huyu, kwa ada anayoweza kuilipa, ndani ya ukumbi na karibu na mlango.