Michezo katika mafunzo ya wauguzaji wa nyumbani, Kwale

Ni matumizi ya vitendawili, karata na maigizo kuwafundisha jamaa wanaouguza mgonjwa nyumbani. Katika pwani ya kusini ya Kenya, hoja ya kutumia michezo hii huonekana wazi zaidi katika matende, ugonjwa uenezwao na mbu ambao umeisumbua Msambweni na sehemu nyingine za Kwale kwa muda mrefu. Dawa za kumeza, ambazo Kenya ilianza kuzigawa kwa umma mwaka 2002 huko Kilifi, hupunguza maambukizi. Lakini mguu uliokwisha kuvimba hubaki mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake. Kazi yao ni ya kila siku na ina mpangilio: kuosha kwa maji na sabuni, kukausha hadi katikati ya vidole, kutibu michubuko, kuinua mguu, kuufanyisha mazoezi. Mpangilio ndio roho ya mchezo, na anayekosea mchezoni hujifunza bila kumuumiza mtu.

Wapo wanaosema mchezo hudharau maradhi. Lakini pwani, kitendawili kimekuwa darasa la jioni tangu zamani, na bibi asiyejua kusoma kijitabu hukitega na kukitegua sawa na mjukuu wake. Pingamizi juu ya karata lina uzito zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi za Kiislamu huzihusisha na kamari. Hapo kitendawili au igizo lafaa zaidi. Tena mchezo hauleti maji wala sabuni. Muuguzi anayefundisha nyumbani Msambweni na aanze na beseni, sabuni na taulo safi, kisha ndipo atege kitendawili.